Farasi Wenye Manyoya Miguuni

Ukutani katika darasa letu la tano, karibu na ramani ya Kongo, kuna picha ya farasi. Ilikatwa katika kalenda ya zamani iliyotoka Ubelgiji. Farasi huyo ni mkubwa sana. Shingo yake ni nene kama shina la mti, na kifua chake ni kipana kama mlango. Lakini wanafunzi hawatazami shingo wala kifua. Wanatazama miguu. Maana kutoka magotini kwenda chini manyoya yake ni marefu, yananing'inia na kuteremka juu ya kwato, hata ungedhani amevaa soksi zilizolegea. Kila mwaka swali ni lile lile: "Mwalimu, kwa nini huyu ana nywele miguuni?" Na kila mwaka yuko mmoja asiyengoja jibu langu. Husimama na kusema, "Ni kwa sababu ya baridi ya Ulaya."

Jibu hilo si baya. Sisi tunaokaa chini ya milima ya Virunga tunajua kwamba mahali pa baridi manyoya huwa marefu. Wale gorila wa mlima Mikeno, ambao wengi hapa huwaita ngagi, wana manyoya marefu na mazito kuliko gorila wa misitu ya chini yenye joto, kwa kuwa huko juu usiku ni baridi kali. Basi mtoto aliyesikia habari hiyo anafikiri vizuri akisema kwamba farasi naye ni hivyo hivyo. Lakini tazameni tena. Ngagi ana manyoya marefu karibu mwili mzima. Farasi wa kalenda ana manyoya mafupi mgongoni, mafupi ubavuni, mafupi tumboni. Marefu ni ya miguuni, mbali na zile singa za shingo na mkia ambazo kila farasi anazo. Ni baridi gani hiyo inayouma miguu peke yake?

Najua wengi wenu hamjaona farasi kwa macho yenu. Hapa Kiwanja mizigo huchukuliwa kwa lori, kwa pikipiki, kwa chukudu na kwa migongo ya mama zetu. Si kwamba wazee wetu hawakuwa na akili ya kufuga farasi. Sehemu nyingi za Afrika yetu farasi hafi kwa kazi, anakufa kwa wadudu. Mbung'o humtia ugonjwa uitwao nagana, naye hukonda mpaka mifupa inahesabika. Usubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma jioni, humletea ugonjwa mwingine, tauni ya farasi, ambao huweza kumuua kwa siku chache tu. Kati ya mwaka 1959 na 1961 tauni hiyo ilitoka Afrika ikafika nchi za Waarabu na hata India, ikaua farasi, punda na nyumbu zaidi ya 300,000. Kwa hiyo zamani, huko kaskazini mwa nchi yetu, Api na baadaye Gangala-na-Bodio karibu na Garamba, Wabelgiji walijaribu kazi ya farasi kwa mnyama mwingine kabisa: walifundisha tembo kuvuta magari na kulima. Habari ya tembo hao ni ndefu na nzuri, nitawaandikia siku nyingine.

Turudi kwenye miguu. Kwanza mjue kwamba si farasi wote wenye soksi hizo. Farasi wa Arabuni, ambaye watu wa Unguja na pwani yote walimjua kwa kuwa aliletwa kwa majahazi, ana miguu myembamba, mikavu, na manyoya yake ni mafupi kama ya mbuzi mwenye afya. Farasi wa mbio naye ni vivyo hivyo. Wenye soksi ni hasa wale farasi wazito wa kukokota, waliozaliwa katika nchi za mvua na ukungu za Ulaya ya kaskazini. Uingereza yuko Shire, farasi ambaye dume lake huweza kufika kilo 1,000. Mmoja wao, aliyeitwa Sampson, alizaliwa mwaka 1846, na inasemekana alipokuwa mkubwa urefu wake, kutoka ardhini mpaka mabegani, ulikuwa karibu mita 2.2. Hata mwalimu wenu mrefu kupita wote angeinua macho kumtazama mgongo. Skotlandi yuko Clydesdale, aliyepewa jina la bonde la mto Clyde. Uholanzi yuko Friesian, mweusi tititi. Na Ubelgiji yuko Brabant, yule wa kalenda yetu.

Mimi nilimwona Brabant mwaka nilipopelekwa Ubelgiji kujifunza mambo ya mifugo. Siku moja walitupeleka Oostduinkerke, kijiji cha pwani ya bahari ya kaskazini. Hapo wako wavuvi wanaovua uduvi wakiwa wamepanda farasi. Msifikiri ni hadithi. Maji yakipwa, mvuvi amevaa koti la njano la mvua, anaingia baharini juu ya farasi wake, na farasi anatembea sambamba na ufuko, maji yakimfika kifuani, huku akikokota wavu nyuma yake. Mwaka 2013 UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia elimu na utamaduni, liliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa watu wote duniani. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, nami nilitetemeka ndani ya makoti mawili. Farasi hakutetemeka.

Alipotoka majini nilisogea karibu na kutazama miguu yake. Hapo niliona jambo ambalo kalenda haikunionyesha. Maji yalikuwa yakiteremka juu ya manyoya, yakifika kwenye ncha yake, nyuma ya kifundo, na kutoka hapo yakidondoka chini matone matone. Ninyi mnajua paa la nyasi. Nyasi za pembeni zikitokeza mbele ya ukuta, maji ya mvua hudondokea mbali na ukuta haulowi. Sasa, nyuma ya mguu wa farasi, chini ya kifundo na juu ya ukwato, pana kishimo. Ngozi ya hapo ni laini, hukunjamana kila anapopiga hatua, na ikikaa na maji hupasuka upesi. Karibu kila farasi, hata yule wa Arabuni, ana kishungi kidogo cha nywele nyuma ya kifundo, na watu wanaojua farasi husema kishungi hicho ndicho paa la kishimo hicho. Basi nikadhani nimepata jibu lote: farasi wa nchi zenye matope wameongezewa paa.

Jibu hilo ni zuri. Hata leo mtalisikia kwa watu wengi. Lakini kuna farasi mmoja anayelikataa.

Uingereza huko huko, upande wa mashariki, iko nchi iitwayo Suffolk. Udongo wake sehemu nyingi ni mfinyanzi mzito, ule unaoganda kwenye jembe mpaka jembe linakuwa kama rungu. Wakulima wa Suffolk nao walifuga farasi wao wa kukokota, mwekundu kama udongo uliochomwa, mfupi kidogo lakini mwenye nguvu za ajabu. Jina lake ni Suffolk Punch. Huyu miguu yake haina soksi. Manyoya yake ni mafupi mpaka chini. Ukiwauliza wenyewe kwa nini, watakuambia: ni kwa sababu ya matope! Manyoya marefu hushika udongo, udongo hukauka, na jioni mkulima aliyechoka anapaswa kuusugua mguu mmoja mmoja. Mnaona basi? Matope ni yale yale, mvua ni ile ile, nchi ni moja, lakini hawa wanasema matope yanataka manyoya, na wale wanasema matope hayataki manyoya.

Yuko na mwingine wa kutuambia neno, farasi wa mwituni wa Mongolia, aitwaye Przewalski. Kule wakati wa baridi maji hugeuka mawe na theluji hufunika majani. Farasi huyo huota manyoya mazito mwilini kila baridi inapokuja, kisha huyapukutisha joto likirudi. Lakini soksi ndefu kama za Shire hana. Hakuna mtu aliyemchagulia mke wala mume kwa ajili ya manyoya ya miguu, na baridi peke yake haikumpa soksi.

Neno hilo la kuchagua ndilo ninalotaka mlishike. Wengi wenu nyumbani mna sungura au mbuzi. Tuseme una sungura majike wawili, mmoja masikio marefu, mmoja mafupi, nawe unapenda masikio marefu. Utamzalisha nani? Yule wa marefu, na dume utakayemtafuta ni wa marefu vilevile. Katika watoto utabakiza tena wenye masikio marefu kupita wenzao, wengine wataingia chunguni. Fanya hivyo, mtoto wako afanye hivyo, mjukuu wako afanye hivyo. Sungura wa mjukuu wako hawatafanana na hawa wa leo. Hakuna aliyevuta masikio yao. Ni mkono wa mwenye sungura uliosema huyu azae, huyu asizae.

Wafugaji wa pande zetu walijua kazi hiyo zamani. Wale ng'ombe wa pembe ndefu, wa Ankole na wa Rwanda, na hapa Rutshuru tunao pia, pembe zao hazikuwa hivyo kwa bahati. Watu walipenda pembe nzuri, wakalinda madume wenye pembe nzuri, wakatunza vizazi vyao. Katika ufalme wa Rwanda ng'ombe walioitwa inyambo walichaguliwa kwa uzuri wa pembe zao, wakapambwa na kuimbiwa. Maziwa yao hayakuwa mengi, lakini mfalme hakuwataka kwa maziwa.

Wazungu wa kaskazini walifanya vivyo hivyo kwa miguu ya farasi. Wakulima wengi wa zamani waliamini kwamba farasi mwenye manyoya mengi miguuni ana mifupa minene, na mifupa minene ndiyo nguvu ya kukokota. Tena kuna uzuri wenyewe. Farasi mkubwa akikimbia taratibu, na manyoya meupe yakiruka juu ya kila ukwato, ni jambo la kutazama. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini nilisimama mdomo wazi. Yakaanza mashindano. Mwaka 1877 wafugaji wa Clydesdale waliunda chama chao, mwaka 1878 wale wa Shire wakaunda chao, na mwaka 1886 wale wa Ubelgiji. Walikuwa na vitabu vya kuandika kila farasi, baba yake na mama yake. Siku ya mashindano manyoya ya miguu yalioshwa kwa sabuni, yakakaushwa kwa unga wa mbao, yakachanwa kama nywele za bibi arusi. Aliyeshinda alitafutwa na kila mwenye farasi jike. Basi mtoto wa mwaka uliofuata alikuwa na manyoya kama ya baba yake, au zaidi.

Kama kuna anayeshuku kwamba ni mkono wa mtu, nitamwonyesha Marekani. Tangu miaka ya 1880 farasi wengi wa Brabant walivushwa bahari kwenda huko. Wakulima wa Marekani walikuwa na mashamba makubwa na wafanyakazi wachache. Hawakuwa na saa za kuosha miguu. Wakachagua wenye manyoya machache. Leo, miaka zaidi ya 100 baadaye, farasi wa Marekani anaitwa bado Mbelgiji, lakini ukimsimamisha karibu na ndugu yake wa Brabant hutaamini kwamba babu zao ni wale wale. Wa Marekani ni mrefu zaidi, mwepesi kidogo, na miguu yake iko karibu uchi. Wa Ubelgiji amebaki mnene, na soksi zake anazo.

Sasa nimefika mahali ambapo jambo hili linaacha kuwa la kuchekesha.

Mahali palipofunikwa na manyoya mazito, palipolowa, pasipopata upepo, ni nyumba ya vijidudu. Kuna ugonjwa wa ngozi unaowashika farasi miguuni wakati wa mvua: ngozi ya kile kishimo huwa nyekundu, hutoa maji, huota magamba, kisha hupasuka, na farasi huchechemea. Mara nyingi aletaye ugonjwa huo ni bakteria mmoja, naye jina lake la kitaalamu ni Dermatophilus congolensis. Nilipolisoma jina hilo katika kitabu kule Ubelgiji nililisoma mara mbili. Seminari walitufundisha Kilatini miaka mingi, na wengine wetu tuliuliza kitatufaa nini. Siku hiyo kilinifaa. Dermatophilus hutoka Kigiriki, ni mpenda ngozi. Congolensis ni Kilatini, ni wa Kongo. Mpenda ngozi wa Kongo! Daktari wa mifugo Mbelgiji, Van Saceghem, ndiye aliyemweleza mara ya kwanza mwaka 1915, alipomkuta katika ngozi za ng'ombe wa nchi yetu. Msione aibu; hakutoka Kongo kwenda kuwavamia farasi wa watu. Yuko pande nyingi za dunia penye mvua na ngozi iliyolowa, ila aliyemwona kwanza alimwonea hapa. Hata hapa kwetu, ng'ombe akiota magamba mgongoni wakati wa mvua nyingi, manyoya yakashikamana kama brashi ya rangi iliyokauka, huenda ni huyo huyo.

Tena kuna utitiri, wadudu wadogo kuliko punje ya chumvi, wanaokaa ndani ya manyoya hayo. Farasi hupiga mguu chini usiku kucha, hujikuna kwa mlango, hujiuma.

Ugonjwa wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Wataalamu waliueleza vizuri mwaka 2003, katika farasi wa Shire, Clydesdale na Ubelgiji. Ndani ya mwili, ninyi na mimi na farasi, kuna maji yanayopita katika mishipa myembamba, kurudi juu kutoka miguuni. Katika farasi hao maji hayo hayarudi vizuri. Mguu huvimba, ngozi hukunjika mikunjo mikunjo, huota vinundu vigumu, kama mtu mwenye matende. Lakini matende ya watu huletwa na minyoo inayobebwa na mbu, na huu hutokana na ukoo wa mnyama mwenyewe. Huanza angali kijana, huendelea polepole, hauna dawa ya kuuponya. Farasi wengine mwishowe huuawa ili wasiteseke. Manyoya siyo yanayoleta ugonjwa huu, tusiyasingizie. Kosa lake ni kuuficha. Mwenye farasi huona soksi nzuri, chini yake mguu unaharibika mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na mtu akichagua dume kwa soksi zake bila kuipapasa ngozi iliyo chini, huenda anawapa watoto vyote viwili.

Mimi naona watu wa Suffolk walichagua vizuri zaidi. Hata hivyo dunia haikuwalipa kwa hilo. Matrekta yalipokuja farasi wa kila namna walipungua, na mwaka 1966 watoto wa Suffolk Punch walioandikwa kitabuni walikuwa 9 tu. Walikaribia kwisha kabisa, na leo bado ni wachache.

Mtaniuliza, basi kwa nini wasikate manyoya hayo? Wengine wanayakata. Daktari akitaka kutibu mguu huo, neno lake la kwanza ni mkasi: kata, osha, kausha sawasawa, ua utitiri, mtembeze farasi kila siku ili maji yapande. Kazi hiyo si ngumu. Kilicho kigumu ni moyo wa mwenye farasi, kwa sababu asiye na soksi hapewi taji la mashindano, na asiye na taji hauziki kwa bei.

Karibu na mahali tulipokaa alikuwako mzee mmoja mwenye farasi jike wa miaka minane. Kila jioni alipiga goti moja katika majani makavu, akaingiza vidole vyote ndani ya manyoya, akafumba macho, akapapasa ngozi kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya unga. Jioni moja alinyamaza muda mrefu, akapapasa tena mahali pale pale. Zilibaki wiki tatu kufika siku ya mashindano ya wilaya, na jirani zake wote walijua kwamba amemwandikisha. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Nilimshikia taa. Manyoya yalianguka chini kwa mafungu, meupe, mengi hata yangejaza kikapu, na chini yake tukaona vinundu vitatu mguu wa kulia na kimoja mguu wa kushoto, bado vidogo kama maharagwe.

Jirani walicheka, wakasema amemvua nguo bibi mtu mzima. Yeye aliendelea kuosha asubuhi na kukausha jioni. Nilipoondoka, miezi mitano baadaye, nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi na ngumu kama mswaki, na ngozi iliyo chini ilikuwa kavu.